Titi la Pamba na Ushanga

Miaka ile ya baada ya Azimio la Arusha, mwanamke wa Tabora aliyetaka sidiria inayokaa mahali pake alielekezwa mtaa wa Isevya, kwa Bi Tufaha binti Ghalibu. Alishona pia magauni ya harusi na mabuibui, hata majoho ya kwaya ya Wamoraviani, lakini sifa yake ilikuwa sidiria. Alikuwa na miaka arobaini na mbili, mnene, mcheshi, na kicheko chake kilisikika nyumba ya tatu. Mumewe, Nasor, alikuwa muuzaji wa vitambaa kama baba yake na babu yake, ila sasa aliuza katika duka la ushirika.

Mwaka wa sabini na tatu, siku chache kabla ya Idd, Bi Tufaha alikuwa akijaribu gauni lake mwenyewe. Alipolilainisha kifuani kwa kiganja aligusa kitu kigumu upande wa kushoto. Akadhani ni kifungo kimeingia ndani ya kitambaa. Akavua gauni, akalikung'uta. Hakikuanguka kitu. Akajigusa tena, na kile kigumu kilikuwepo, ukubwa wa karanga, chini ya ngozi yake.

Alikaa juu ya kiti cha cherehani. Alimkumbuka shangazi yake Salme, aliyekaa mwaka mzima chumbani na kidonda cha titi, udi ukifukizwa asubuhi na jioni ili wageni wasisikie harufu. Watu walisema tu, "Ana kidonda," na alipokufa walisema kidonda kimemuua.

Nasor aliporudi kula, alimwambia. Nasor akaweka kijiko chini.

"Tunakwenda hospitali kesho."

"Baada ya Idd, Nasor. Nina magauni ya watu kumi na moja."

"Kesho," alisema Nasor, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakungoja jibu.

Daktari aliyempokea alikuwa mwanamke wa Kiholanzi aitwaye Hanneke. Kiswahili alikuwa amejifunzia wodini kwa wagonjwa, kwa hiyo alikitamka kama mtu aliyezaliwa Unyamwezini. Bi Tufaha, pamoja na hofu yote aliyokuwa nayo, alimsikia akimsalimia akacheka mpaka machozi. Daktari naye akacheka. Kisha akampima, akamwambia waziwazi kwamba anadhani ni kansa, kwamba titi lazima litolewe, na kwamba amekuja mapema.

Walimlaza Jumanne. Alipozinduka kutoka kwenye nusukaputi alimkuta nesi akimpangusa uso, msichana mrefu aitwaye Josepha, binti wa mkulima wa pamba wa kule Choma.

"Shikamoo, Bi Tufaha. Imekwisha."

"Marahaba, mwanangu. Magauni yangu nani anashona?"

Alikaa wodini wiki tatu, na kwa kuwa hakuweza kukaa bila kuuliza watu mambo yao, Daktari Hanneke alizoea kumalizia mzunguko wake kwenye kitanda cha Bi Tufaha. Siku moja alikuja na kitabu kimejaa namba.

"Humu wameandika wanawake wangapi wanakufa kwa ugonjwa wako, nchi kwa nchi, mwaka kwa mwaka," alisema. "Huu mstari ni wa kwetu Uholanzi. Unaona unavyopanda? Sisi tuko karibu na juu kabisa. Huu wa Wajapani uko chini kabisa."

"Wajapani wanatumia dawa gani?"

"Hakuna dawa. Labda ni chakula, labda ni namna ya kuzaa na kunyonyesha. Wataalamu bado wanabishana."

Bi Tufaha alikigeuza kitabu upande wake. Alisoma majina ya nchi kwa kidole. "Na sisi tuko wapi?"

"Hampo."

"Basi sisi hatufi."

Josepha, aliyekuwa akibadilisha bendeji kitanda cha pili, aligeuka. "Bi Tufaha, ulinisimulia habari ya shangazi yako. Nani aliandika kilichomuua?"

"Nani aandike? Tulimzika tu."

"Ndiyo maana hatumo," alisema Josepha.

Bi Tufaha alifikiri. "Kwa hiyo kwenu, Daktari, wanaugua wengi, na wanaandikwa. Kwetu labda wanaugua wachache, lakini wanafika hapa wameshaoza."

"Hilo neno 'labda' usiliondoe," alisema daktari. "Hilo la kuchelewa ni kweli. Naliona kila juma."

Basi Josepha akanunua daftari la shule, akaanza kuandika kila mwanamke aliyefika na ugonjwa wa titi: jina, kijiji, na uvimbe ulikuwa ukubwa gani. Bi Tufaha ndiye aliyemwambia aandike kama wanawake wenyewe wanavyosema: punje ya hindi, karanga, limau, ngumi. Jina la kwanza katika daftari lilikuwa lake, na karanga yake.

Alirudi nyumbani akiwa na haya. Siku ya kwanza alivua nguo nyuma ya pazia. Nasor akasogeza pazia taratibu, akatazama mshono mrefu pale kifuani, akasema, "Amekushona vibaya huyu. Wewe ungeshona vizuri zaidi." Bi Tufaha akaketi kitandani akacheka na kulia kwa pamoja, na haya ikaishia hapo.

Kazi ikabaki moja: gauni la Idd lilikuwa halikai. Upande mmoja ulijaa, mwingine ulilegea kama gunia tupu. Akachukua pamba ambayo baba yake Josepha, mzee Marko, alikuwa amemletea wodini kwa ajili ya mto, akashona titi. Lilikuwa zuri kwa macho, lakini jepesi mno; akitembea mpaka sokoni lilikuwa limeshapanda begani. Akajaza mtama. Uzito ukawa sawa. Lakini alipolifua na kulianika uani, jogoo wa jirani alilipasua na kula mtama wote, na Bi Tufaha alimfukuza pekupeku mpaka barabarani huku akipiga kelele, "Mwizi wa titi langu." Mtaa mzima ulitoka kutazama. Kabla ya hapo walikuwa wakinong'ona juu ya ugonjwa wake; tangu siku ile walimwuliza wazi.

Nasor ndiye aliyepata dawa. Ndani ya kasha la babu yake kulikuwa na mifuko ya ushanga uliobaki tangu zama za misafara, ushanga mwekundu na wa buluu ambao haukuwa na mnunuzi tena. Hauozi, na kuku hawautaki. Bi Tufaha alishona mfuko mdogo wa ushanga, akauzungushia pamba ya Choma, akaupachika ndani ya sidiria. Ulikaa. Akatembea Isevya nzima kwenda na kurudi, akaruka mtaro kwa makusudi, na haukusogea.

Tangu hapo kazi yake ilipata sehemu ya pili. Mwanamke akija kupimwa, Bi Tufaha alizungusha futi kifuani huku akisema, "Wewe hujigusi? Jiguse ukiwa unaoga. Ukikuta karanga, usingoje iwe limau." Aliwaambia mabibi harusi, mke wa sheikh, hata masista wa misheni. Nani angemkasirikia? Alikuwa amewashika wote kifuani tangu zamani.

Mwaka wa sabini na sita Daktari Hanneke alipata barua kwamba mama yake huko Uholanzi amekatwa titi. Alikaa barazani kwa Bi Tufaha akiwa mnyonge. Bi Tufaha hakumpa pole nyingi, alimwuliza, "Mama ni mnene kiasi gani?" Daktari akaonyesha kwa mikono. Siku tatu baadaye kifurushi kilikwenda posta. Miezi ikapita, ikaja picha ya bibi mwenye mvi juu ya baiskeli, kifua mbele. Nyuma ya picha alikuwa ameandika kwamba titi la dukani alilopewa amemtupia paka achezee. Picha hiyo ilizunguka Isevya mpaka kona zake zikakatika.

Daftari la Josepha nalo liliendelea. Halikuweza kusema lolote juu ya nchi nzima, na daktari alilisema hilo kila alipolifungua. Ila kurasa za mwanzo zilikuwa na ngumi na vidonda, na katika za baadaye karanga zilianza kutokea, nyingi kutoka vijiji ambako Bi Tufaha alikwenda na Josepha katika gari la chanjo, akiongea baada ya masomo ya watu wazima.

Karanga mojawapo ilikuwa ya Apolinaria, mkazi wa kijiji cha ujamaa karibu na Isikizya. Aliwasikia siku moja, kesho yake akajigusa, na juma lile lile alikuwa wodini. Baada ya miezi alikuja Isevya na kibuyu cha asali.

"Mwangaluka, Bi Tufaha," alisalimia mlangoni kwa Kinyamwezi. "Mume wangu alidhani nitarudi ndani ya sanduku. Sasa nataka unishonee titi la kuchezea ngoma. Saba Saba naongoza kikundi cha kijiji."

"Ngoma ya mabega au ya kiuno?"

"Ya mabega."

"Basi tutaongeza mkanda."

Saba Saba ikafika, uwanja ukajaa vumbi na vigelegele. Bi Tufaha alikaa mstari wa mbele na Nasor na Josepha. Apolinaria alitangulia kikundi chake, mabega yakitetemeka kama kapigwa na umeme. Katikati ya ngoma mkanda ukalegea, titi likateremka mpaka tumboni. Apolinaria hakusita. Alilisukuma juu kwa kiwiko, kwa kufuata mdundo, na wanawake wote kumi na wawili nyuma yake, wakidhani ni mtindo mpya, wakapandisha viwiko kama yeye. Watu wakashangilia wakitaka warudie, nao wakarudia.