Niliamini nyota kwenye CSS ni cheo, sasa nachunga ng'ombe wa taata

Wakuu, kabla hamjanicheka, mjue kwamba niliamini kwa moyo wangu wote kuwa ile alama ya nyota (*) kwenye CSS ni cheo.

Kama zile za mabegani kwa maafande. Nyota moja luteni usu, tatu kapteni, na ukizipanga nyingi hakuna kitu kwenye website kitakachothubutu kukukatalia.

Wakubwa shikamooni, wengine poleni na majukumu. Wanaonijua wanajua huwa naongeza chumvi. Na humu itakuwepo, ila nyama yenyewe ni ya kweli.

Imani hii niliipata shule ya jioni, pale Kayanga. Mchana napiga bodaboda, jioni naingia darasani kujifunza kutengeneza website, vumbi mpaka kwenye kope. Ungenikung'uta ungepata tofali mbili.

Jirani yangu wa dawati alikuwa Byabato, jamaa aliyepita mgambo, kila kitu kwake ni gwaride. Siku mwalimu wetu, madam Kemilembe, anafundisha nyota, mimi nilisinzia. Nilipozinduka nikamuuliza Byabato.

"Nyota ni afande," akaninong'oneza. "Inaamuru page nzima. Ikigoma, ongeza nyota."

"Hata tatu?"

"Tatu si kapteni, waitu? Nani atabisha?"

Ikaniingia. Madam mwenyewe sikumuuliza hata siku moja. Nikahitimu, nikapiga picha na joho la kuazima, nikajiona injinia wa Kagera nzima.

Kwa wasiojua haya mambo: CSS ndiyo inayoiambia page iwe na rangi gani, herufi kubwa kiasi gani. Unaanza kwa kutaja unayemsemesha, halafu unamwambia awe vipi. Ukiweka nyota unawasemesha wote. Hapo Byabato hakukosea.

Basi ikaja kazi. Shule moja ya sekondari upande wa Kibingo, kule Kyerwa, ilitaka website. Mkuu wa shule, mama mpole kabisa, akaniambia bodi ikiipenda, chumba cha kompyuta ni changu na ajira juu.

Nikampigia taata, yaani baba yangu, kule Nyakasimbi, kumtangazia kama vile nimeshateuliwa. Akanisikiliza, kisha akasema, "Kaka yako anahama. Ukiipata hiyo kazi, kaa huko. Ukiikosa, njoo uchunge hawa ng'ombe, na habari za kompyuta ziishe."

Wakuu, sina ugomvi na ng'ombe. Ila nilikuwa nimezikimbia zile mbuga kwa miguu na kwa pikipiki.

Nikachukua template ya bure, yaani website iliyokwisha kupangwa na mtu mwingine, maandishi yake ya kijivu, mapambo kibao. Mkuu akaitazama.

"Mwanangu, wazazi wetu wanasoma kwenye simu ndogo, wako juani. Fanya maandishi yote yawe meusi. Hilo tu."

Yote? Nikacheka kimoyomoyo. Si ndiyo kazi ya afande hiyo.

Nikaweka nyota yangu, nikaamuru nyeusi. Vichwa vya habari vikawa vyeusi, menyu nyeusi, aya zote nyeusi ti.

Isipokuwa matangazo. Na matangazo ndiyo kila kitu kwa mzazi: siku ya kufungua, mahitaji ya mtoto, kikao. Yale yalibaki kijivu kilekile, kama majivu yaliyomwagiwa maziwa.

Nikaona kabisa kwamba aliyetengeneza template ameyapa jina lao, .tangazo, na rangi yao. Nikalipita hilo jina kama mlevi anavyopita kanisa.

Nikaongeza nyota. Kapteni akafika, matangazo hayakutikisika.

Nikaongeza tena. Sasa menyu ya juu nayo ikarudi kijivu. Nikaongeza. Vichwa vya habari vikaniacha. Yaani kila nikijipandisha cheo, askari wanatoroka. Nilikuwa na nyota nyingi kuliko anga lote la Karagwe, na jeshi halipo.

Nikarudi kwenye nyota moja, nikafunga laptop, nikajifariji kwamba projekta ikiyatupa ukutani, matangazo yataonekana tu.

Siku ya bodi wakawasha projekta. Mwenyekiti ni mzee mmoja mfugaji, kofia pana, fimbo kati ya magoti. Page ikatokea, wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Moyo ukatulia. Kisha mkuu akasema, "Tuonyeshe matangazo."

Nikafungua.

Mzee akainua kidevu. "Kijana, hapo pameandikwa kitu, au ndiyo ukuta wenyewe?"

Bodi nzima ikacheka. Hata mimi nikacheka, maana uso wangu haukujua ufanye nini kingine.

"Ni network, mzee wangu."

Mkuu wa shule hakucheka. "Network gani, na hii ipo kwenye laptop yako?" Akashusha sauti. "Nilikuomba kitu kimoja tu, mwanangu."

Hiyo sauti ya chini ndiyo ninayoisikia mpaka leo. Angenifokea ningepona.

Kazi wamempa kijana mmoja kutoka Bukoba.

Taata hakunisema nilipofika. Alinipa fimbo tu, akaingia ndani.

Uzi huu nauandika nimekaa juu ya kichuguu, nimeinua simu kama naomba mvua. Nikipiga mluzi, ng'ombe wote wanainua vichwa, nami najisikia afande kidogo. Halafu taata anaita "Bihogo" kutoka mbali, na ng'ombe mwekundu mwenye jina hilo ananiacha na mluzi wangu mdomoni, anamfuata aliyemwita. Nimelitazama hilo kila siku bila kulielewa.

Jana ndipo nilipojikaza nikamwandikia madam Kemilembe. Swali la dakika moja, nimelibeba tangu darasani mpaka limenirudisha porini.

Funzo mnaliona wenyewe, sina nguvu ya kulipamba. Kama nawe kuna kitu ulikiamini kwa sababu jirani wa dawati alikisema kwa kujiamini, kiweke hapa chini, tuomboleze wote. Wa kucheka mcheke, nimeshazoea.

Jibu la madam nalibandika kama lilivyo:

"Pole sana. Nyota haina cheo. Inamgusa kila aliyemo, lakini nguvu yake ni sifuri, na ukipanga sifuri nyingi bado ni sifuri. Kila nyota uliyoongeza ilimaanisha 'aliye ndani zaidi', ndiyo maana wa juujuu wakakuacha. Tangazo lilikuwa na jina lake. Ungeliita kwa jina, lingekusikia. Ni mstari mmoja."