Kwikwi ya Sikukuu ya Idi

Jana mvua iliingia sebuleni kwangu, na harufu ya zulia bichi ikanirudisha utotoni, mtaani Bagara, nyumbani kwa jirani yetu mwenye duka. Alikuwa ametualika Idi, mimi na mama. Nilikula pilau kwa pupa, kwikwi ikanishika mbele ya wageni wote. Nilipewa maji, nikalambishwa sukari, bibi mmoja akanibandika usoni uzi uliolowa mate. Haikukoma. Ndipo mama akaninyatia kwa nyuma na kupiga kelele, "Nyoka!"

Kwikwi ilikoma. Lakini nilihisi joto likishuka mapajani na kuenea kwenye zulia. Nilikuwa mkubwa, nasoma tayari. Nikabana miguu, nikashindwa hata kulia.

Jirani alikuwa akiwanawisha wageni. Alinitazama, kisha jagi likamponyoka na maji yote yakanimwagikia.

"Jamani, nimemlowesha mtoto wa watu," alisema.

"Huyu kila Idi lazima aangushe kitu," mumewe alisema. Wageni wakamcheka, naye akacheka nao.

Akanipeleka chumbani, akanifunga kanga yake.

"Kwikwi imeisha?" aliniuliza kwa sauti ya chini.

Niliitikia kwa kichwa. Sikuweza kumtazama usoni, siku ile wala siku nyingi zilizofuata.