Aliyesimama Nyuma Yangu Siku ya Kipaimara

Enzi zetu pale Nyakakika, miaka ya themanini ikielekea ukingoni, kukariri katekisimu hakukutosha kukupa kipaimara. Kila mtoto alipewa msimamizi, mtu mzima wa usharika. Ulitakiwa umtembelee kila Alhamisi mwaka mzima, umpalilie migomba, ule viazi vyake, msali pamoja. Mwishoni wazee wa kanisa walimuuliza swali moja tu: unamjua mtoto huyu? Akisita, unarudia darasa, unakaa na wadogo zako magoti yakigusa kidevu.

Mimi nilipewa Bibi Asteria, mjane aliyetoka Rwanda akiwa msichana, mwenye kishamba cha kahawa na kicheko kilichosikika mpaka barabarani. Wenzangu walinihurumia, eti bibi hajui kusoma. Nilifurahi, maana nilikuwa na maswali yaliyomkera mwinjilisti wetu kuliko nzi. Kaini alimwoa nani? Wakati wa gharika samaki nao waliadhibiwa, au kwao ilikuwa sikukuu? Bibi alicheka mpaka akaweka jembe chini. Hilo hakulijua, akataka niulize lingine. Tulipofika kwenye sala, aliyafikisha yote kama mtu aliyetumwa: "Bwana, Koku anauliza habari za samaki."

Basi mimi na rafiki yangu Domina tukaogopa kwamba mmoja atapata kipaimara na mwingine abaki. Tulikuwa tumesikia habari za omukago, undugu wa damu wa zamani: watu wawili wanachanjana karibu na kitovu, wanapaka damu kwenye punje za kahawa, kila mmoja anakula ya mwenzake, na hawasalitiani tena. Domina akaiba wembe wa baba yake. Tulijificha nyuma ya jiko, tukapandisha blauzi, tukautazama wembe, tukatazamana, tukacheka mpaka tukapata kwikwi. Hakuna aliyechanjwa. Tulichuma kahawa moja mbivu, tukakubaliana kwamba wekundu wa ganda unatosha kuwa damu, tukaiminya zikatoka punje mbili, kila mmoja akala yake.

Domina alimsimulia dada yake. Kufikia Jumatano mwinjilisti alikuwa na habari zote, pamoja na damu ambayo haikuwepo. Tukaambiwa tumefanya upagani na tutarudia mwaka, labda msimamizi aje atutetee. Wa Domina alituma salamu kwamba anaumwa mgongo.

Bibi Asteria alikuja mbele ya wazee na kikapu chake cha kahawa za kutafuna, akakizungusha kama mgeni yeyote mwenye adabu. Wazee wakachota. Mwinjilisti alichota mara mbili.

"Unamjua mtoto huyu?" mzee wa kanisa akauliza.

"Namjua. Anamuuliza Mungu kama mtu anayetafuta mbuzi wake gizani. Na huyu mwenzake ndiye anayemshikia taa." Akawatazama midomo. "Ila ninyi wazee wangu mmekula kahawa yangu sasa hivi. Tumekuwa wapagani wote, au tumekuwa ndugu?"

Mzee wa kanisa alipaliwa kwa kicheko. Tukapita sote wawili.

Siku yenyewe, nimevaa gauni jeupe la kuazima, Bibi alisimama nyuma yangu, mkono wake kwenye bega langu la kulia. Nilijua nitaulizwa kama ninaamini. Nikamnong'oneza kwamba bado sina hakika.

"Mimi ya leo ninayo," akasema. "Tutumie hii."

Siku hizi vijana wetu wana walezi wa kiroho kwenye simu. Wanatuma "amina" kwa kidole gumba huku wakitafuna chipsi, na mlezi hajui kama wana dada au wana njaa. Nawacheka, lakini mimi nina nini? Nimesoma mpaka chuo kikuu, maswali yamezaana, na mjini nina marafiki hodari wa kubishana ambao hakuna hata mmoja wao atakayeitwa mahali aulizwe kama ananijua. Bibi Asteria alizikwa kati ya kahawa zake. Alhamisi zikifika, nikiwa peke yangu, najikuta nasema kwa sauti, kwa lafudhi yake, "Bwana, Koku anauliza tena," halafu naacha bega la kulia wazi kidogo.