Nilimpa mkwe wangu togwa ya siku ya nne kisha nikampa ufunguo wa gari. Sasa nasubiri simu ya bima

Wakuu, habari za humu. Wa kuamkiwa shikamoo pokeeni, ingawa nadhani wengi wenu ndio wa kuniamkia mimi. Nina wajukuu kumi na mmoja na shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea kuandika someni hivyohivyo.

Haya yamenitokea mimi mwenyewe. Sijaongeza kitu, na la aibu sijalipunguza.

Naandika simu ikiwa mapajani. Nasubiri mtu wa kampuni ya bima apige. Kila ikitetemeka naigeuza nione ni nani.

Nianze na gari.

Nipo Mbozi, juu huku upande wa Mbozi Mission. Marehemu mume wangu, Mzee Watson Nzunda, aliniachia pikapu ya kubebea kahawa. Kadi ina jina langu. Bima ni ile ndogo, third party, na haijaisha muda.

Dereva wetu wa siku zote, Festo Haonga, aliugua siku ambayo kahawa ilitakiwa ishuke chama cha msingi cha ushirika. Bahati mkwe wangu Yohana Simbeye alikuwa amekuja kutusalimia na mke wake, binti yangu Eliza. Yohana ni Mnamwanga wa Tunduma, anaendesha malori yanayovuka mpaka. Leseni ndiyo shamba lake. Akasema, "Mama, nitapeleka mimi."

Sasa hapa mnisikilize vizuri.

Sisi akina mama wa kanisani pombe hatupiki. Togwa tunapika, ile ya unga na kimea isiyolevya. Nilikuwa nimepikia wachuma kahawa na ikabaki ndoo moja. Hiyo ilikuwa siku yake ya nne, na kimea cha ulezi nilikiweka kingi. Wanaoijua togwa wanajua siku ya nne inakuwaje, inakuwa imeshachacha na kileo kimeingia.

Niliionja asubuhi. Iliuma ulimi. Nikajisemea, bado ni togwa.

Nikampa Yohana kikombe kikubwa. Kwetu mkwe hamkatalii mama mkwe. Nikitoa kwa mkono wangu atapokea kwa mikono miwili, macho chini, atamaliza. Na akimaliza lazima nimwongeze, maana kumwachia mgeni kikombe kitupu ni kama kumfukuza. Alikunywa vitatu. Alikuwa hajala kitu tangu aamke.

Eliza akanifuata jikoni.

"Mama, yule anaendesha."

"Ni togwa, Eliza. Hata mchungaji anakunywa."

"Hii ya leo mchungaji hajainywa."

Nikamwambia asinifundishe kupika, nilianza kupika yeye hajazaliwa.

Nikampa Yohana ufunguo, tukaondoka kama saa tano. Eliza alikaa mbele na mume wake. Mimi nilikaa nyuma juu ya magunia, kwa sababu sikai bega kwa bega na mkwe wangu. Hilo nalo sijui sheria inasemaje, msinipige kwanza.

Njia ya kushuka ilikuwa kavu, haina magari. Nilishika kamba, naona tulikotoka tu. Nikaanza kuona vumbi letu linakwenda kushoto, halafu linakwenda kulia. Barabara yenyewe imenyooka. Nikagonga bati. Hakusikia. Nikavua kiatu nikagonga nacho.

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, na sijaacha mpaka leo.

Tulipotokea kwenye lami karibu na Vwawa, nikasikia Eliza anaita jina la mume wake mara moja tu. Halafu kishindo.

Tulikuwa tumemgonga mtu wa bodaboda. Anaitwa Baraka Mwashiuya, baba wa watoto wawili, mke wake Tabitha. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umegeuka vibaya chini ya goti. Hakupiga kelele. Aliniangalia akaniuliza, "Bibi, pikipiki imezimwa? Mafuta yanamwagika." Eliza akaizima. Mimi nikavua kitenge nikamfunika. Majina hayo alinipa pale chini, nilimuuliza ili asilale.

Trafiki alifika haraka. Jina lake nalikumbuka ila nalihifadhi, yuko kazini. Akasogea kwa Yohana, akanusa, akatoa kipimo. Yohana akapuliza. Afande akaangalia, akamwambia apulize tena. Ya pili ikatoka kama ya kwanza. Imezidi.

"Umekunywa wapi?"

Mimi nilikuwa hatua tatu kutoka pale.

Yohana akasema, "Nilikunywa mwenyewe, afande. Njiani."

Hakunitazama. Na mimi nikanyamaza. Watu walijaa, nilikuwa na mdomo, nikanyamaza.

Baraka alipewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, akapelekwa hospitali. Yohana akapelekwa kituoni, na leseni yake ikabaki mikononi mwa polisi.

Kesho yake asubuhi nikapita kwanza kwa wakala aliyenikatia bima. Nikamuuliza kama bima ipo hai. Akasema, "Bima ipo hai, bibi. Tatizo ni kipimo." Akanieleza kwamba bima ndogo haitengenezi gari langu hata kidogo, hiyo ni kazi ya bima kubwa. Baraka anaweza kulipwa, lakini kwa kuwa dereva alikuwa amelewa, kampuni inaweza kurudi kwangu mwenye gari kunidai ilichomlipa. Nilichonacho ni nyumba na kahawa.

Nikatoka pale nikaenda kituoni kumwekea Yohana dhamana.

Wakamleta. Nikamwambia afande aliyekuwa anaandika, "Huyu hakunywa njiani. Nilimpa mimi, nyumbani kwangu."

Yohana akadakia, "Mama hakujua, afande. Kwake ilikuwa togwa tu."

Mlango huo alinifungulia. Nilikuwa naweza kupitia hapo.

Nikasema, "Nilijua. Niliionja."

Afande akaweka kalamu chini. "Bibi, unaelewa unachokisema?"

"Naelewa nusu."

Akaniambia polepole, kama anaongea na mgonjwa. Kwamba kumtaja aliyemimina hakumwokoi aliyeshika usukani. Yohana ana kesi yake palepale. Ila mimi mwenye gari, niliyempa kinywaji kisha nikampa ufunguo, hilo nalo ataliandika.

Akaliandika. Nikaweka dole gumba.

Wakala aliposikia alisema, "Bibi, ungenyamaza tu." Sasa anasema mtu wa kampuni atanipigia anihoji.

Baraka bado yuko wodini. Nilimpelekea uji, Tabitha akaupokea. Yohana yuko nje kwa dhamana, lori lake sasa anaendesha mtu mwingine. Eliza hajanilaumu hata kwa neno moja, na hilo linanitisha zaidi.

Nilichojifunza ni hiki. Mtu akiwa na safari ya kuendesha, mpe chakula na maji. Hata kama kwenu mnaiita togwa, hata kama kanisani inaruhusiwa, kipimo hakiulizi jina la kinywaji. Na ninyi wakwe wa kiume mliomo humu, mama mkwe akikupa kikombe na una ufunguo mfukoni, mkatalie. Atanuna siku mbili. Mimi ningenuna, na Baraka angekuwa anatembea.

Sasa nauliza wanasheria na watu wa bima. Hiyo kampuni kweli inaweza kunidai mimi? Yohana akikiri mahakamani, leseni ataipata tena au ndio basi? Na mimi nitashtakiwa kwa kumpa, au maelezo yangu ni ya kumbukumbu tu?

Msinipoze moyo wakuu, Yohana alishajaribu. Anayejua sheria aandike inavyosema hata kama ni mbaya, nataka niwe najua kabla simu haijaita.