Kompyuta ya Kahama Iliyouliza Jina la Kila Mgeni

Saa mbili asubuhi, Kahama imeshachangamka. Mabasi yanapiga honi, magunia ya mpunga yanashushwa, na nyuma ya duka la vipuri la Bwana Jashvant, Vumilia Masele amejifungia katika chumba chenye kiyoyozi, kajitanda khanga mbili kama mgonjwa wa malaria. Anaiangalia kompyuta. Hana mwingine wa kumwangalia.

Hiyo ni seva, kompyuta inayowapelekea watu wa mbali kurasa za bei za mpunga, ng'ombe na dhahabu kupitia dishi lililo juu ya paa. Wateja wako Mwanza, Dar es Salaam, hata Australia, kwenye ofisi za watu wanaotafuta dhahabu ukanda wa Geita. Mjini hapa, ukiuliza Vumilia anafanya kazi gani, utaambiwa analinda friji ya Mhindi.

"Nikieleza, watu wananiitikia tu 'haya'," anasema. "Nimeacha kueleza."

Ana miaka thelathini na mmoja. Mumewe, Donatus, alikwenda kuchimba Geita mwaka 1996, akaahidi kurudi masika yakiisha. Huu ni 1999, na masika yamekuja na kuondoka bila hata salamu. Mshahara wa shilingi tisini elfu kwa mwezi ndio unaomlisha yeye na mama yake, Paskalina, aliyepooza miguu huko Masumbwe.

Mshahara huo ulikuwa karibu kuponyoka. Kila asubuhi ofisi zilipofunguliwa na wateja kuingia kwa pamoja, kurasa ziligoma kutoka. Mtu aliagiza bei, akasubiri mpaka chai yake ikapoa. Jashvant akaagiza prosesa ya pili, ubongo mwingine wa mashine, kwa gharama iliyomuuma. Akamwambia Vumilia, bila kupandisha sauti, kwamba hali isipobadilika mashine inahamia Dar. Mashine ikienda, kazi imekwenda nayo, maana mama huwezi kumbeba mgongoni hadi Dar.

Vumilia akaipachika prosesa hiyo, akabadilisha mfumo endeshi, programu inayogawa kazi ndani ya kompyuta, hadi ukazitambua zote mbili. Asubuhi iliyofuata kurasa zikagoma vilevile. Alilia, na hafichi kwamba alilia.

Alipotulia akagundua jambo la ajabu. Wateja walikuwa wamejazana kwenye foleni, lakini prosesa zote mbili zilikuwa zimekaa bure.

"Mimi nimekulia kwenye jembe la ng'ombe," anasema. "Ng'ombe wawili wamesimama, hawajachoka, na shamba halilimwi. Basi kuna mtu kashika kamba."

Aliyeshika kamba ni yeye mwenyewe. Nyumbani kwao, mgeni hapewi hata maji kabla hajasema ni ng'wana nani, mtoto wa nani. Naye alipoianzisha seva aliipangia adabu hiyohiyo: kila mteja akiingia, mashine iulize kwanza jina la kompyuta anayotokea, ndipo impe ukurasa. Swali lilisafiri kwa dishi hadi ng'ambo, na jibu likajivuta kurudi. Muda wote huo, mteja alisimamishwa mlangoni, na aliyetakiwa kumhudumia alisimama naye. Ungeongeza prosesa hata kumi, zote zingesubiri jina.

Majina hayo hayakuwa na kazi yoyote katika biashara. Yalikuwa ya Vumilia. Yalipita mbele yake kwenye kioo cha kompyuta tangu asubuhi, naye akayazoea. Kompyuta moja ya Perth, Australia, iliitwa Daisy. Daisy akiingia, alimwambia "mwangaluka", umeamkaje, kwa sauti ya chini. Daisy asipoonekana, siku hiyo chakula hakikupita.

Kuliondoa swali lile kulihitaji kubadili neno moja tu katika mipangilio ya seva. Alilizunguka wiki nzima. Mwishowe akamfikiria mama yake, akalibadili.

Kurasa zikaanza kutoka bila kukwama. Jashvant alikuja mwenyewe, akatazama, akasema mashine inabaki Kahama. Kisha akamuuliza mbona hacheki.

"Nilifurahi, kwa nini nisifurahi? Mama anakula," anasema Vumilia. "Lakini asubuhi ile ziliingia namba tupu badala ya majina. Nilikuwa kama mtu aliyeingia kwenye msiba wa watu asiowajua."

Sasa ana mpango wake. Amemwomba Jashvant ruhusa, akaongeza mstari chini ya ukurasa wa bei, pamoja na anwani ya barua pepe: "Mimi ni Vumilia, niko Kahama. Wewe ni nani?" Mstari huo haumcheleweshi mtu. Mgeni anapewa alichofuata kwanza, halafu anajitaja mwenyewe akipenda.

Hadi tunaagana naye, hakuna aliyejibu. Vumilia anawatetea, anasema wana kazi zao.

"Lakini yuko mmoja atakayeandika," anasema, akirudi kwenye kiti chake. "Hata akiandika neno moja. Nitalisoma kwa sauti humu ndani."