Maganda Yaliyochemshwa

Binti yangu Misnawati ana jicho moja tu linaloona. La kushoto liliungua siku ambayo chupa ya asidi ya dukani ilifyatua kizibo kwa joto, naye ameinama akigandisha utomvu wa mpira. Mume wake, Herlan, alimnunulia miwani ya pikipiki, lakini jasho huitia ukungu, na Misnawati huivua.

Ndipo alipojifunza kutumia maganda ya nanasi. Hapa mjini Prabumulih wauza nanasi huyatupa kando ya barabara, nzi wakajilia. Misnawati huyaokota, akayakata bila kuyaosha, akayatia kwenye pipa pamoja na maji na sukari guru, kisha akalifunika. Vijidudu vilivyo kwenye maganda hula ule utamu na kuacha maji makali ya kugandishia mpira. Majirani walimwita Bi Maganda. Aliwajibu, "Niiteni mtakavyo, mradi niendelee kuwaona."

Mwezi huu jicho zima nalo likavimba. Muuguzi akasema kila kitakachomkaribia mgonjwa kichemshwe. Misnawati akalala na kitambaa usoni, na pipa akaliandaa Herlan. Kila nilipopita nilikagua mfuniko kama umebana. Ulibana.

Leo uvimbe ulikuwa umepungua. Tuligema wote watatu tangu alfajiri, tukajaza sanduku la mbao kwa utomvu. Mawingu yalikuwa meusi, na mvua ikiingia kwenye utomvu usioganda, kazi yote inakuwa maji. Misnawati akafungua pipa. Halikutoa pumzi kama kawaida yake. Badala ya ule ukali wa kukuna pua, lilinuka kama mchuzi uliolala, na juu yake umeota ukungu wa kijani. Akachovya kidole, akaonja. Sukari tupu.

"Herlan, ulifanya nini humu?"

"Niliyachemsha maganda yote. Na kile kitambaa chako cha kuchujia nikakichemsha. Si muuguzi alisema?"

Misnawati akakaa chini, palepale kwenye tope. "Umeua chachu, mume wangu. Ilikuwa kwenye hayo maganda."

Herlan alisema alitaka jicho lipone. Akalirudia hilo, mpaka nikamwambia anyamaze. Upepo ulikuwa umeshaanza kuvuta turubai juu ya sanduku, ikabidi alishike kwa mikono yote miwili. Misnawati akainuka, akaenda kwenye dari ya baraza kutafuta ile chupa ya asidi ya dukani. Nilimjua tangu anatambaa, nilijua anachofuata kabla hajanyoosha mkono. Nikamwahi, nikaichukua mimi.

"Lete, mama. Hujawahi kuimimina."

"Ingia ndani ufunge mlango."

"Mama, itakuunguza."

"Mimi ninayo mawili," nikasema. "Ingia."

Aliingia. Nilisikia komeo. Nikaiweka chupa mbali na mwili wangu, nikazungusha kizibo kidogo kidogo, vidole vikiteleza. Harufu ilipanda, ikanichoma koo. Herlan, ameng'ang'ania turubai, alifumba macho kama mtoto anayechomwa sindano. Matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yakipiga bati.

Nyuma ya mlango Misnawati alikuwa akinielekeza, sauti yake imekauka. Nimimine kidogo, nikoroge, nisiiname, upepo uwe mgongoni mwangu.

"Mama, upepo unatoka wapi?"

Ulikuwa ukinipiga usoni.

"Nyuma yangu," nikamjibu, na nikaanza kumimina.