Saladi ya Pweza Niliyoikata Mbele ya Wakwe

Siku ile haijanitoka, mwanangu, siku Bi Siti alipowamwagia kuku chakula nilichopika mimi, akakaa kibarazani kungoja aone kitakachowapata.

Nakuandikia kwa sababu unaolewa Konde baada ya sikukuu, na jambo hili kwa mdomo nitaona haya kulisema. Unanijua. Soma polepole kama nilivyoandika.

Nilikuwa mke mpya hapa Kiuyu, na mimi ni mtu wa kisiwa cha Kojani. Baba yako alikuwa amekwenda dago, kwenye kambi ya wavuvi mbali na nyumbani, na kumpata kwa simu ilikuwa kazi. Nyumbani tulibaki wanawake watatu: mimi, bibi yako Raya aliye mama mkwe wangu, na Bi Siti, shangazi wa baba yako, aliyerudi kwao baada ya kufiwa na mumewe.

Bibi yako alikuwa na sukari. Hospitali walimwambia apunguze wali na muhogo, ale mboga kwa wingi pamoja na kitu cha kumpa nguvu, kama samaki, kunde au mayai. Akarudi nyumbani akasema ameambiwa asile. Kwake yeye chakula ni wali, na vingine vyote ni vya kuuteremshia. Basi akawa anakaa na njaa asubuhi, na mchana anakula muhogo kwa kujificha. Akakonda. Akisimama anashika ukuta.

Mimi nikafikiria saladi. Si ile kachumbari ya kando ya pilau, ya kuonja kidogo tu. Hii ndiyo chakula chenyewe, mtu akila sahani moja ameshiba mpaka alasiri. Nilikwenda kuchokoa pweza mwenyewe mwambani, maji ya bahari yalipotoka. Nikampiga juu ya jiwe hata akalegea, nikamchemsha kwa maji yake mwenyewe, bila chumvi, maana chumvi ikitangulia humkaza. Nikachemsha kunde ziive zisipondeke. Nikachemsha mayai. Kitunguu nikakikamua kwa chumvi kupunguza ukali, nikakata tango, nyanya, kabichi nyembamba na embe bichi kidogo. Juu nikakamulia ndimu na kutia tone la mafuta.

Lakini nilifanya yote hayo jikoni, na mlango nimeurudisha. Sikuwa na baya. Nilikuwa na haya tu, sipendi mtu anitazame mikono ninapokata. Kisha nikakipeleka chakula kimeshachanganywa, chini ya kawa.

Bi Siti ndiye aliyelifunua lile kawa.

"Hichi nini?"

"Saladi, shangazi. Ya mama."

"Ndani mna nini?"

"Pweza, kunde, mayai na mboga."

"Pweza yuko wapi? Mie naona vipande. Kichwa chake kiko wapi?"

"Nimekikata humo humo, shangazi."

"Mie kitoweo kisicho na kichwa sikijui jina."

Katika nyumba ile samaki hufika kwenye sinia na kichwa chake, ili kila mtu amjue ni nani. Vipande vitupu hakuna anayevigusa. Desturi hiyo niliijua, ila nilidhani pweza hahesabiwi.

"Na mlango uliufunga kwa nini?"

Ningesema nini? Kwamba naona haya? Nikainama kuokota kawa, na hilo likamtosha. Akaichukua sahani, akatoka nayo uani, akawaita kuku. Wakaja mbio, wakagombania mayai. Yeye akakaa na tasbihi mkononi, lakini macho yake yalikuwa kwa kuku, hayakuwa kwa Mungu. Jua lilipoanza kushuka nikasema moyoni, alhamdulillahi, wazima wote. Nadhani alinisoma usoni.

"Vingine hukawia," akasema.

Asubuhi yake jike lake jekundu likakutwa limelala kando ya kinu, limekufa.

Mwanangu, sijui nikuelezeje nyumba inavyogeuka. Bi Asha, jirani yetu, alikuja kuomba chumvi, akanitazama mimi muda wote, chumvi hakuitazama. Nikiingia mahali, maneno yanakatika. Nikitoka nasikia, "Hawa watu wa Kojani wana mambo yao." Na mimi nikaanza kuwashuku wao. Kisu changu nikikikuta upande mwingine, najiuliza nani amekishika. Nikipewa uji nauacha upoe, nangoja mwenye kuuleta aunywe kwanza. Maji ya mtungini nayanusa. Tulikuwa tunakula kama watu wanaoviziana. Bibi yako alirudi kwenye muhogo wake, anaupokea kwa mkono wa Bi Siti tu, na kizunguzungu kinazidi.

Bi Siti akatangaza kwamba kaka zangu waitwe waje kunichukua, kabla hajafa mtu. Niliposikia hivyo nikakunja kanga zangu, nikatia mkobani, nikatoka taratibu kama mwizi. Bibi yako alikuwa ameketi mlangoni.

"Wapi?"

"Kwetu, mama."

"Nani kakufukuza?"

"Hakuna. Lakini wanasema nimetia sumu."

"Umetia?"

Tangu yule kuku afe, wote walisema, hakuna aliyeniuliza. Machozi yakanitoka.

"Wallahi sijatia, mama."

"Basi mkoba wa nini? Ukipanda mashua leo umewaambia ndiyo, na mimi mwanangu akirudi sitakuwa na la kumwambia. Mkewe kakimbia, kuku kafa. Atafahamu nini?" Akapumua kidogo, maana nguvu hakuwa nazo. Kisha akanikemea. "Na mlango ule ulikosea. Mgeni hapiki kwa mlango uliofungwa. Hata mie nilikushuku, usidhani sikukushuku. Rudi ndani. Kamtafute pweza mwingine, umlete hapa mzima, na kichwa chake."

Maji yalipotoka tena nilikwenda. Nikamchemsha jikoni mlango wazi, nikamweka kwenye sinia kibarazani na mikono yake yote imejikunja, kichwa juu. Mayai na maganda yake. Nyanya hazijakatwa. Kunde ndani ya sufuria yake. Bibi yako akamwita Bi Siti, akamwita na Bi Asha, wakakaa kwenye mkeka. Nikashika kisu, nikajikata kidole, nikaona afadhali damu ile, angalau walijua ni ya nani.

"Ndimu hiyo umeitoa wapi?" akauliza Bi Siti.

"Mti wa hapa hapa, shangazi."

"Upande gani?"

Bi Asha akacheka. "Ebo! Kwani mndimu una upande wa sumu?"

"Kila kitu kina upande," akajibu Bi Siti, wala hakucheka.

Nikafunga kidole kitambaa, nikakata, nikakamua, nikachanganya wakitazama. Nikasema bismillahi, nikala mimi kwanza, tena katikati ya sinia, si pembeni. Nilitafuna nikisikia meno yangu mwenyewe. Kisha mkono wa bibi yako ukaja kwenye sinia. Bi Siti akaudaka.

"Wifi, una watoto!"

"Nina watoto na nina njaa. Niachie mkono."

Akala. Akaokota kipande kingine, na yai, na kunde kwa kiganja. Akala mpaka akajifuta mdomo, akaniambia, "Pilipili umenibania." Bi Siti hakuondoka pale mkekani mpaka alasiri ilipoadhiniwa na wifi yake akasimama kwenda kutawadha, hakushika ukuta.

Haikupita wiki, mdondo, ule ugonjwa wa kuku, ukaingia mtaani. Kuku wetu waliobaki wakafa, wakafa wa Bi Asha na wa nyumba za mbele ambao saladi yangu hawakuinusa. Nilidhani sasa mtu atakuja kuniambia neno. Bi Siti alikaa mlangoni akitazama kizimba kitupu, akasema, "Kuku nao wana siku zao." Msamaha wangu ndio huo, sikupata mwingine. Baadaye alikula nasi, lakini kila kipande alikigeuza kwanza atazame kama kina vinyonyo vya pweza. Mpaka leo hugeuza. Sukari ya bibi yako haikuondoka, ila saladi aliizoea, na shamba akarudi kwenda kwa miguu yake.

Sasa nikwambie nililokusudia. Unakokwenda, mwanangu, hawakujui. Watakushuku, na hilo lisikukasirishe, maana mtu hutia mdomoni kitu kilichotoka mikononi mwako. Pika mlango wazi. Kitoweo kionekane sura yake kabla hujakikata. Changanya mbele yao, uwe wa kwanza kula. Wakikusingizia, usifungashe; kaa useme hapana ukiwa unaonekana. Wala sikwambii uwaamini wote siku ya kwanza. Wewe pia utashuku, ni kawaida ya mtu aliye ugenini. Lakini ukishuku, mwendee mwenyewe umuulize usoni, kabla hujamwambia jirani. Wengi watakuwa na habari zako kabla hawajapata hata salamu yako.

Mola akubarikie mkono unaopika, awape wanaokula afya na shukrani. Akujaalie nyumba yenye nuru jikoni. Na katika watu wote wa ukweni, akuwekee japo mmoja atakayekuuliza kabla ya kukuhukumu. Amin, mwanangu.